Tozo ninayolipa kwenye mafuta inaishia wapi, na nani anaisimamia?

Swali: "Mimi ni mwendesha bodaboda. Barabara inayotoka kijijini kwetu hadi makao makuu ya kata ina kilomita 6. Kila msimu wa bajeti tunatangaziwa kuwa imetengewa fedha. Mwaka juzi greda lilipita siku mbili likaondoka, na masika ya kwanza tu barabara ikawa mfereji. Tulipouliza tukaambiwa hesabu zilikaguliwa na hati ni safi. Mimi nalipa tozo kila ninapojaza tangi. Nani hasa anasimamia hizi fedha, na mtu kama mimi aanzie wapi?"

Jibu: Ndugu yangu, wasimamizi wapo, tena wengi. Shida ni kwamba kila mmoja anasimamia tarakimu yake, na barabara moja ina tarakimu nne zisizofanana: fedha zilizoidhinishwa na Bunge, fedha zilizotolewa, fedha alizolipwa mkandarasi, na kazi iliyopo ardhini ukiipima kwa futi kamba. Anayekutangazia kuwa barabara imetengewa fedha anasema kweli, ila anakusomea tarakimu ya kwanza peke yake. Aliyekwambia hati ni safi naye huenda anasema kweli, lakini anazungumzia ya tatu. Wewe unalalamikia ya nne. Mnaweza kuulizana hivyo hadi masika mengine yaingie bila mtu kudanganya na bila mtu kujibu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani kala, uliza kwanza pengo liko kati ya tarakimu ipi na ipi.

Safari ya fedha kutoka kituo cha mafuta

Hapa Tanzania, ndani ya bei ya kila lita umo ushuru wa barabara, ndiyo hiyo tozo yako, unaokusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA). Mwaka 1998 sheria ya ushuru huo ilirekebishwa ili kuanzisha Mfuko wa Barabara, kwa sababu fedha za matengenezo zilipokuwa zikichanganywa na mapato mengine ya Serikali, ndizo zilizokuwa za kwanza kukatwa mambo yanapobana. Mfuko unaendeshwa na Bodi ya Mfuko wa Barabara, ambayo ndani yake wamo pia wawakilishi wa watumiaji wa barabara. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko ziende kwenye matengenezo, na zisizidi asilimia 10 zitakazotumika kwenye maendeleo, yaani ujenzi mpya. Mtu anayeuliza kwa nini Mfuko wa Barabara haujengi lami hadi kijijini kwake ajue kuwa Mfuko haukuundwa kwa kazi hiyo.

Kutoka kwenye Mfuko, mgawanyo wa kawaida ni asilimia 70 kwa TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na asilimia 30 kwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. TANROADS, iliyoanza mwaka 2000, inashika barabara kuu na za mikoa, na iko chini ya Wizara ya Ujenzi. TARURA ilianza Julai 2017 ikachukua barabara ambazo awali zilikuwa mikononi mwa halmashauri, yaani za wilaya, vijijini na mijini, nayo iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mtandao wa TARURA una zaidi ya kilomita 144,000, karibu mara nne ya ule wa TANROADS, na sehemu kubwa bado ni udongo mtupu. Mbebaji wa mzigo mrefu ndiye mwenye fungu dogo. TANROADS ina hoja yake: barabara kuu hupitisha magari mengi na malori mazito, na lami ikiachwa ikapasuka, kuirudisha ni gharama kubwa mno. Bado malalamiko ya vijijini yalikuwa ya haki, na mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli mahsusi kwa ajili ya TARURA. Shilingi 100 nyingine iliyoongezwa mwaka 2023 ilielezwa kuwa ya miradi ya kimkakati, kwa hiyo usiihesabu kwenye barabara yako.

Ukitumia lita 4 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, unanunua lita 1,200. Kwa ile nyongeza ya TARURA peke yake umechangia shilingi 120,000. Bodaboda kumi za kijiweni kwenu zimetoa shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ina uzito kikaoni kuliko kusema tu "sisi ni walipa kodi".

Sasa pengo la kwanza. Kiasi kilichokusanywa na TRA hakifiki kwenye Mfuko siku hiyohiyo. Hupitia mfumo wa Hazina, na kinachofika kwa TARURA wilayani huja kwa mafungu. Ikiwa bajeti ya wilaya ni milioni 1,000 na hadi mwisho wa Machi zimefika milioni 550, meneja hana budi kuchagua barabara za kuacha. Barabara yako "iliyotengewa" inaweza kuwa miongoni mwa zilizoachwa, na hakuna hata shilingi yake iliyoibwa. Ndiyo maana hotuba za bajeti za mawaziri hutaja kiasi kilichoidhinishwa, kisha husema "hadi kufikia Machi" au Aprili zimepokelewa kiasi fulani. Watu wengi huishia sentensi ya kwanza. Iliyo muhimu ni ya pili.

Fedha zikichelewa, hata zikifika zote, bado kuna hasara. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Zabuni ikitangazwa Agosti, mkataba ukasainiwa Oktoba, mkandarasi anafanya kazi kabla mvua hazijakolea. Fedha zikifika Februari, greda linaingia Machi, masika yamekaribia, na udongo uliolowa haushindiliwi ukashika. Kwenye mikataba mikubwa, hasa inayofuata masharti ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, mhandisi ana siku 28 za kuidhinisha hati ya malipo tangu mkandarasi awasilishe madai, na mwajiri, yaani taasisi yenye mradi, ana siku 56 za kulipa. Zikipita, riba inaanza. Hati ya shilingi bilioni 2 ikichelewa miezi sita kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inazaa deni la milioni 120 ambalo halikumwaga hata tipa moja la kifusi. Ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zimetaja riba za namna hii mara nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo hasara inayouma kuliko zote, kwa sababu ni halali kimkataba na hakuna wa kumkamata.

Bunge linatazama nini

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Kazi hiyo ina nyakati mbili. Ya kwanza ni kabla ya fedha kutumika: kuanzia Aprili hadi Juni wabunge hujadili bajeti ya kila wizara, fungu kwa fungu. Ujenzi ni Fungu 98, Uchukuzi ni Fungu 62, TAMISEMI ni Fungu 56. Matumizi ya kawaida ya wizara yako kwenye Kitabu cha Pili cha bajeti, mikoa na halmashauri Kitabu cha Tatu, na miradi ya maendeleo Kitabu cha Nne. Mbunge anayeuliza habari za barabara yako kwa Waziri wa Ujenzi amepotea njia, kwa sababu TARURA hujibiwa na Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Na tangu Agosti 2023 Ujenzi na Uchukuzi ni wizara mbili, hivyo swali la reli, bandari au ndege linakwenda kwingine tena. Hata kamati ni tofauti: TANROADS inapitiwa na Kamati ya Miundombinu, TARURA na Kamati inayosimamia TAMISEMI.

Wakati wa pili ni baada ya fedha kutumika, na hapo Bunge humtegemea Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Taasisi hupewa miezi mitatu kuandaa hesabu. CAG hukabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi. Na kwa Ibara ya 143 ya Katiba, Rais huhakikisha ripoti inawasilishwa bungeni ndani ya siku saba tangu Bunge lianze kikao. Rais asipofanya hivyo, CAG anaipeleka kwa Spika mwenyewe. Ni ulinzi mzuri, lakini tazama muda. Shilingi iliyotumika Julai 2022 iliingia kwenye ripoti ya Machi 2024, miezi 20 baadaye, na mjadala wa kamati za hesabu ukumbini huja miezi kadhaa mbele zaidi, mara nyingi Novemba. Wakati huo changarawe, kama ilimwagwa, imeshasombwa. Barabara isiyo na lami hupoteza kwa kawaida sentimita 2 hadi 3 za changarawe kwa mwaka kutegemea mvua na magari. Mkaguzi akija kupima unene mwaka wa pili, mkandarasi atamwambia mvua imechukua, na hakuna wa kumbishia isipokuwa watu waliohesabu matipa siku ya kazi.

Hapa ndipo neno "hati safi" linapowapoteza watu. Hati safi, ambayo jina lake rasmi ni hati inayoridhisha, maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango vya uhasibu na zinaonyesha hali halisi ya fedha kwa mambo yenye uzito. Haisemi kuwa barabara ni nzuri. Haisemi hata kuwa ilikuwa sahihi kuchonga barabara hiyo badala ya nyingine. Taasisi inaweza kupata hati inayoridhisha na ndani ya ripoti hiyohiyo zikawemo kurasa za hoja kuhusu miradi iliyochelewa au malipo ya kazi pungufu. Anayekuonyesha hati, mwombe akuonyeshe hoja za ukaguzi na majibu yake. Ubora wa kazi hutazamwa na ukaguzi wa namna nyingine: ukaguzi wa ufanisi, ambao CAG hutoa ripoti zake peke yake, ukaguzi wa kiufundi unaofanywa na Bodi ya Mfuko wa Barabara, na ukaguzi wa ununuzi unaofanywa na PPRA, mamlaka inayodhibiti ununuzi wa umma. Hakuna hata mmoja unaofika kila barabara kila mwaka. Huchukuliwa sampuli. Barabara yako ya kilomita 6 inaweza kukaa miaka kumi bila kuangukia kwenye sampuli.

Kilichotokea kwenye kilomita zako 6

Bila kuona mkataba siwezi kukuhukumia mtu, lakini maelezo yako yana kitu kimoja kinachosema mengi: siku mbili.

Chukua barabara ya changarawe yenye upana wa mita 5.5 na tabaka la milimita 150 baada ya kushindiliwa. Kilomita moja ni 1,000 × 5.5 × 0.15, sawa na mita za ujazo 825. Changarawe ikiwa kwenye tipa imelegea, ikishindiliwa inapungua, kwa hiyo ongeza kama asilimia 30: lazima ziletwe karibu mita za ujazo 1,070. Tipa la mita za ujazo 10 litapiga safari 107 kwa kila kilomita. Kwa kilomita 6 ni safari zaidi ya 640. Matipa matano yakipiga safari kumi kila moja kwa siku, kazi hiyo ni siku 13, ukiacha kusambaza na kushindilia. Siku mbili haziwezi kubeba kazi hiyo kwa namna yoyote.

Greda peke yake, hata hivyo, linaweza kuchonga kilomita 6 kwa siku mbili. Kwa hiyo ninachokiona ni kwamba barabara yenu ilichongwa, na inawezekana kabisa ndicho kilichoandikwa kwenye mkataba na ndicho kilicholipwa. Matengenezo ya TARURA na TANROADS yana majina yanayofanana masikioni lakini bei zake ni mbingu na ardhi. Matengenezo ya kawaida ni kuchonga, kufyeka, kuzibua mitaro na makalavati. Matengenezo ya sehemu korofi ni kutibu vipande vibovu tu, mita 300 hapa, mita 500 pale. Matengenezo ya muda maalumu ni kuweka upya tabaka la changarawe barabara nzima au kipande kirefu. Ukisikia tu "imetengewa fedha za matengenezo" hujaambiwa chochote. Kama karatasi inasema "kawaida", hujaibiwa, umepewa kidogo. Kama inasema "muda maalumu, kilomita 6" na kilichofanyika ni siku mbili za greda, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa nini ikawa mfereji? Barabara ya udongo au changarawe inahitaji mgongo: katikati iwe juu, maji yatelemke pande zote mbili kwenda mtaroni. Kwa mteremko wa asilimia 5, upande mmoja wa mita 2.75 unatakiwa kushuka kama sentimita 14. Unaweza kupima mwenyewe bila kuomba ruhusa: shika kamba katikati ya barabara, ivute hadi ukingoni, inyooshe kwa pima maji ya fundi seremala, kisha pima nafasi kati ya kamba na ardhi pale ukingoni. Ukipata sentimita 3 au 4, maji yanakaa barabarani. Greda likichonga bila kuinua mgongo, linakwangua udongo mgumu uliokuwa juu na kuisukuma takataka pembeni, na kila mwaka barabara inashuka kidogo hadi inakuwa chini ya mashamba yaliyo kando yake. Hapo maji hayana pa kwenda, yanafuata barabara yenyewe. Tena likichonga kiangazi bila boza la kumwagia maji na bila mtambo wa kushindilia, udongo unakaa juu kama unga, na mvua ya kwanza inausomba wote. Kuchonga kwa namna hiyo ni kuharibu kwa gharama, na usimamizi wa kitaifa hauwezi kuliona hilo huko. Anayeweza kuzuia ni msimamizi wa TARURA aliyepo eneo la kazi, na nyinyi mnaopita hapo.

Onyo moja: msichimbe mashimo barabarani kupima unene wa changarawe. Mtaiharibu na mtajiweka pabaya kisheria. Ombeni diwani au mtendaji wa kata awepo siku mhandisi anapochimba vishimo vya kupimia, na vipimo viandikwe mbele yake.

Karatasi za kuomba, na kwa nani

Hatua ya kwanza ni kujua kama barabara yenu imesajiliwa kwenye mtandao wa TARURA. Wilayani wana mfumo unaoitwa DROMAS wenye orodha ya barabara, urefu na hali yake, na ndio unaotumika kupangia bajeti. Barabara isiyomo kwenye mtandao uliosajiliwa haipati fedha za Mfuko, na ikiwa imeandikwa kilomita 3 badala ya 6, nusu yake itabaki yatima kila mwaka. Uliza jina lake rasmi, maana mara nyingi jina la kijijini na jina la kwenye mfumo ni tofauti, na watu wamewahi kufuatilia barabara isiyo yao.

Kisha omba taarifa kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ikikataa, unaomba mkuu wa taasisi apitie uamuzi huo, na baada yake unaweza kukata rufaa kwa waziri. Barua iwe fupi na iombe vitu vinavyohesabika. Kwa mfano:

*Kwa Meneja wa TARURA wa Wilaya. YAH: OMBI LA TAARIFA KUHUSU BARABARA YA (jina rasmi). Kwa kuzingatia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa, kwa mwaka wa fedha (taja): 1. Aina ya matengenezo yaliyopangwa na urefu wake. 2. Kiasi kilichoidhinishwa na kiasi kilichopokelewa. 3. Jina la mkandarasi, thamani ya mkataba, tarehe ya kuanza na kumaliza. 4. Nakala ya jedwali la kazi na bei. 5. Nakala ya hati za malipo zilizoidhinishwa. 6. Tarehe ya mwisho ya kipindi cha uangalizi.*

Namba 4 na 5 ndizo zenye uzito. Jedwali la kazi na bei, ambalo mafundi huliita BOQ, linaonyesha kazi zilizokubaliwa kwa vipimo: kilomita ngapi za kuchonga, mita za ujazo ngapi za changarawe, makalavati mangapi na ya kipenyo gani, mita ngapi za mitaro. Hati ya malipo inaonyesha ngapi kati ya hizo zimelipwa. Ukiziweka sambamba na mliyoyaona, tarakimu ya tatu na ya nne zimekutana mezani. Wakisita kukupa hati za malipo, usiache mengine. Jina la mkandarasi na thamani ya mkataba yanapatikana pia kwenye bango la mradi, na zabuni za umma siku hizi hupita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni.

Namba 6 watu huisahau. Kwenye mikataba mingi, kila malipo hukatwa asilimia 10 kama dhamana. Nusu hurudishwa kazi ikikamilika, nusu baada ya kipindi cha uangalizi, ambacho mara nyingi ni miezi 12. Kalavati likipasuka mwezi wa nane, mkandarasi analitengeneza kwa gharama yake. Mkinyamaza hadi mwezi wa kumi na tatu, linatengenezwa kwa tozo yenu. Kwa kazi ya kuchonga tu kipindi hicho huwa kifupi au hakipo, hivyo kasoro isemwe wakati greda bado liko hapo.

Barua uipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri na tarehe ya kupokelewa. Peleka nakala kwa diwani. Diwani hana amri juu ya meneja wa TARURA kama aliyokuwa nayo juu ya mhandisi wa halmashauri zamani, na madiwani wengi hulalamikia hilo kwa haki, lakini mipango na taarifa za TARURA hupelekwa kwenye Baraza la Madiwani, na swali lake linaandikwa kwenye muhtasari. Ngazi inayofuata ni Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa na wabunge wa mkoa ni wajumbe. Kikao hiki hakisikiki sana redioni, lakini ndipo TANROADS na TARURA hukaa pamoja na wabunge wakiwa na takwimu za mkoa. Mbunge wako akiwa na barua yako yenye majibu mkononi, anaweza kuuliza: kwa barabara fulani ziliidhinishwa kiasi gani, zimepokelewa kiasi gani hadi Machi 31, na zimelipwa kwa kazi zipi? Swali kama hilo halijibiki kwa "Serikali imetenga fedha".

TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni kwa pale karatasi na ardhi vinapopingana: hati inasema mita za ujazo 4,950 zimemwagwa kwenye kilomita zote 6, na nyinyi mna daftari la matipa, tarehe na picha linaloonyesha safari 120 tu. Namba yao ya bure ni 113. Ukienda na uchungu peke yake utasikilizwa, lakini uchunguzi hautakuwa na pa kuanzia. Mkandarasi mwingine akilalamika kuwa zabuni iliendeshwa kwa upendeleo, hilo ni la PPRA na vyombo vya ununuzi.

Kwa mwaka ujao, anzeni Oktoba. Mapendekezo hutoka kijijini, yanapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, na wilayani bajeti huandaliwa kuanzia mwisho wa mwaka hadi Februari. Ukipeleka ombi Mei, vitabu vimeshachapwa. Na msiombe changarawe kilomita 6 kwanza. Fedha hazitatosha, mtapewa kuchonga tena. Tembeeni barabara yote siku moja ya mvua, mwandike kila mahali maji yanapokatiza na kila mahali pikipiki inapokwama, mkipima umbali kutoka mwanzo wa barabara. Ombeni matengenezo ya sehemu korofi kwa vipande hivyo, pamoja na makalavati ya kipenyo cha milimita 900. Yale ya 600 huziba kwa matope na majani, na mtu hawezi kuingia kuyazibua. Sambamba na hayo ombeni michepuko ya kutoa maji mtaroni kwenda pembeni, ikikaribiana zaidi kwenye miteremko mikali. Maji yakishapata njia yake, changarawe itakayokuja mwaka unaofuata itakaa.